Goti la Kushoto la Nibaran

Mimi si daktari. Nina diploma ya tiba ya viungo, iko ukutani imepinda kidogo, lakini hapa Shantipur kila anayeingia ananiita daktari na nimechoka kukataa. Siku hizi anayekumbuka ukweli ni mke wangu peke yake.

Nibaran Ghosh alikuja katikati ya mvua, anachechemea, goti la kushoto limevimba upande wa ndani. Kila alfajiri anapakia vikapu viwili vya chhana, ile jibini laini ya kutengenezea vitafunio vitamu vya sandesh, na kupiga pedali kilomita kumi na nne hadi kwa Modak, mwenye duka la vitamutamu. Kafanya hivyo miaka ishirini na mbili. Sasa saa moja inamkuta bado njiani, na Modak kamwambia wazi: ukichelewa hivi mpaka sikukuu ya Puja, nitamchukua mtu wa pikipiki.

"Hospitali wamesema niache baiskeli," akaniambia. "Nikauliza, nikiacha nifanye nini? Wakasema, pumzika. Daktari, mimi nikipumzika nyumbani siku tatu, mke wangu atanifukuza."

"Wangu hangoji hata tatu. Panda kitandani."

Wiki tatu nilihangaika na goti lile. Nikalikanda, nikalipasha joto, nikampa mazoezi ya paja. Akikaa siku nne bila kuendesha, linapoa. Akiendesha asubuhi moja, limerudi. Kwa kawaida goti ni kama mtoto wa katikati, linachapwa kwa makosa ya wenzake, nyonga kule juu na unyayo kule chini. Nikapima nyonga: nzima. Unyayo: mzuri kuliko wangu. Miguu yote miwili urefu mmoja. Nikabaki najikuna kichwa, naye ananitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Siku moja akiondoka, nikamwona mlangoni anavaa kandambili. Ya kulia imelika sawasawa. Ya kushoto imelika ukingo wa nje tu, imebaki nyembamba kama karatasi.

"Kaka Nibaran! Kesho njoo na baiskeli."

"Kwani nayo inaumwa?"

"Tutaipima presha."

Kesho yake akaja, nikamwambia azunguke hapo mbele ya mlango. Goti la kulia lilipanda na kushuka wima. La kushoto lilikuwa likifika juu linakwepa, linatoka nje kama bawa la jogoo, halafu linarudi. Linakwepa nini? Nikasogea. Juu ya bomba, kati ya siti na usukani, kulikuwa na kikiti cha mbao, cha mtoto, kimevikwa kitambaa chekundu. Chuma chake cha kukanyagia miguu kimechomoza upande wa kushoto. Na simu imefungwa pale kwa mpira.

"Hiki cha nani?"

"Cha Mallika, binti yangu. Nilikuwa nampeleka shule."

"Mallika yupi? Yule nesi? Si ana miaka ishirini na tano!"

Akacheka, akaangalia chini. "Nilikitoa alipomaliza darasa la tano. Mwezi wa pili alipokwenda kufanya kazi Chennai, nikakirudisha. Anatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili, ananipigia. Namweka hapo, tunaongea mpaka kwa Modak."

"Na goti limeanza lini?"

Akahesabu miezi kwenye vidole. "Mwezi wa tatu," akasema, akakitazama kile kikiti. Lile swali la lini nilimuuliza siku ya kwanza. La pili, kwamba wakati ule nini kilibadilika nyumbani kwako, halikunijia kabisa. Diploma yote ile ukutani.

"Kwa hiyo ni yeye," akasema polepole.

"Ni hiki chuma. Miezi yote hii goti lako linampisha mtu ambaye hayupo."

Nikaleta spana. Akaipokea, akaishika tu.

"Mfukoni sitamsikia. Barabarani kuna upepo."

"Mkeo akushonee mfuko huku juu kifuani, karibu na sikio."

"Na akija likizo?"

"Akija likizo na miguu ile mirefu akae kwenye kikiti hiki? Mtaokotwa mtaroni wote wawili, na chhana."

Akacheka mpaka akafuta macho, na baada ya kucheka aliendelea kuyafuta. Halafu akainama, akafungua mwenyewe nati zake nne, wala hakutaka nimsaidie. Kikiti akaniachia. "Kitunze. Na usiwakalishe hapo wagonjwa wako wanene."

Tukaendelea na mazoezi, maana goti lililozoea kukwepa halinyooki kwa siku moja. Wiki moja kabla ya Puja, Modak mwenyewe akanisimamisha sokoni kunilalamikia: siku hizi Nibaran anafika kabla duka halijafunguliwa, anagonga mlango kama polisi.

Asubuhi iliyofuata nikaamka mapema, nikasimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Akatokea na vikapu vyake, magoti yote mawili wima, mfuko mpya umeshonwa karibu na bega. Sauti ya Mallika ikasikika kabla hajanifikia.

"Baba, mbona siku hizi nasikia hata unavyohema? Umeniweka wapi?"

"Nimekuhamisha," akasema, akanipita bila hata kunisalimia.