Swichi za Shangazi

Kwa miezi mitatu mshonaji aliambiwa kosa ni lake, na aliyemwambia ni mpwa wake wa damu, fundi umeme aliyemfungia swichi za kugusa nyumbani kwake.

"Shangazi, unabonyeza kwa papara. Hivi ni vitu vya kisasa."

Akajifunza kuzigusa kwa ncha ya kidole, kama anayepapasa jipu. Wapi. Kila umeme ukikatika na betri ya nyumba ikishika zamu, swichi zilisahau kila kitu zikawasha taa zote, mpaka ya stoo, na betri ikaisha kabla kola haijakamilika.

Jumamosi asubuhi alikwenda kumtundikia mpwa mapazia mapya. Umeme ukakatika, betri ya kule ikashika, na hakuna taa iliyojiwasha. Akatazama ukutani, akaona swichi za kawaida.

"Kwani nyie hamkuweka za kisasa?" akamuuliza mke wa mpwa.

"Tulikuwa nazo, akazing'oa. Alisema haziivi chungu kimoja na betri." Mkwe akamshangaa. "Shangazi, si ndizo alizokufungia wewe?"

Mshonaji alishuka kwenye kiti, akaibonyeza swichi kwa papara yote aliyokuwa nayo. Taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima.

Kisha akapanda kiti, akayatungua mapazia yake yote.