Mchuzi Mzito

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake na hasira zake pia, alikuwa na miezi minne hajatia mdomoni punje ya wali wala kipande cha mkate. Uchungu wa jambo hilo aliujua yeye peke yake. Saa nne wenzake wa karakana wakikaa juu ya mabomba na chai yao na mikate, yeye alifungua kibakuli chake cha mayai na mboga za majani, akala huku amewapa mgongo. Wakamtania kwamba siku hizi amegeuka mbuzi. Cheche hakucheka. Alishaona mguu wa jirani yake ukikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, ule ule alionao yeye, naye aliapa kwamba atazikwa na miguu yake yote miwili.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa na daktari kijana kwamba ni mwongo.

"Damu haina sababu ya kunidanganya, mzee wangu," daktari alisema, akigonga kalamu juu ya daftari ambamo Cheche aliandika vipimo vyake vya sukari vya kila asubuhi. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na mbili. Ilitakiwa iwe saba au chini ya hapo. "Unakula wanga. Hutaki tu kusema."

Cheche alikana mara tatu. Daktari akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto, akaandika dozi ya insulini iongezwe, kwa mara ya pili sasa. Cheche aliubamiza mlango hadi wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakageuza shingo. Njia nzima alibishana na yule kijana kichwani, akimshinda kwa maneno ambayo hayakumjia pale alipoyahitaji.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane, aliyehamia kwake tangu mke wa Cheche alipofariki. Ndiye aliyepika. Masharti yote ya chakula Cheche alimweleza siku ya kwanza kabisa, na dada akaitikia kila moja. Jioni ile aliposimulia alivyodhalilishwa, dada aliinamisha uso, kisha akamwongezea mchuzi. Mchuzi wa dada ulikuwa mzito, wa kulamba vidole. Bila huo, Cheche angeshindwa zamani.

Wiki iliyofuata binti wa dada alijifungua, na dada akasafiri kwenda kumlea mzazi. Cheche akajipikia mwenyewe: samaki, kabichi, mayai, na mchuzi mwepesi kama maji ya kunawia. Insulini alijidunga kwa dozi mpya kama alivyoandikiwa. Siku ya tatu alitoka mbio bila kupima, na kabla ya saa sita alikuwa juu ya ngazi akifunga bawaba za geti la shule. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi likamtiririka. Alimsikia mwenzake akimwita kwa mbali, ilhali mwenzake huyo alikuwa ameishika ngazi ile ile. Alipopata fahamu sawasawa alikuwa chini, kidole kimevunjika, na mwenzake anamnywesha soda huku anamtukana kwa woga.

Kliniki walimpima wakakuta sukari bado haijafika hata nne. Daktari aliipunguza dozi hapo hapo, akauliza ni kitu gani kimebadilika. Cheche alijibu kwa kejeli kwamba hakuna, ila dada yake kasafiri, kwa hiyo kwa siku tatu amekula chakula kibaya.

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Daktari naye aliacha kuandika. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi.

Dada alirudi Jumamosi mchana, akamkuta ameketi jikoni na kidole kimefungwa bendeji. Cheche hakumpokea mzigo. Alimuuliza kitu kimoja tu: mchuzi wake huwa mzito kwa nini?

Kwanza dada akasema ni vitunguu. Cheche akatikisa kichwa. Ndipo dada alipovuta kigoda, akakaa, akasema ni viazi, vya kupondwa mpaka vipotee. Na unga, vijiko vitatu. Zile siku ambazo suruali ya Cheche ilimpwaya kupita kiasi, alitia na sukari kidogo ya kukata uchachu wa nyanya. Alifanya hivyo tangu mwanzo.

"Ulikuwa unakwisha," dada alisema. "Majirani wananiuliza kama nakunyima chakula. Nimemzika mume wangu, nimemzika wifi yangu. Nikae tu nikutazame unakauka?"

"Hiyo sukari ndiyo iliyokuwa inanikausha, dada. Na wewe unaiongeza kwa kijiko." Sauti yake ilikuwa ya chini, na dada aliiogopa kuliko makelele. "Nimeitwa mwongo. Nimeanguka kwenye ngazi. Na siku ile nakusimulia, wewe ukaniongezea mchuzi."

Dada alilia. Yale machozi yalimwingia Cheche moyoni, na kwa sababu yalimwingia akazidi kukasirika. Akamwambia Jumatatu wataongozana kliniki, akaseme kwa mdomo wake. Dada akasihi kwamba ni aibu. Cheche akamjibu kwamba aibu hiyo ameibeba yeye miezi minne, sasa wagawane.

Jumatatu dada aliyasema yote, macho yametazama sakafu. Alipomaliza, Cheche alimgeukia daktari akamwambia, "Bado wewe."

Kijana aliinamisha kichwa. "Nilikosea, mzee. Ningekuuliza anayepika kabla ya kukuhukumu."

Haikutosha, lakini Cheche aliipokea.

Tangu hapo akajipikia mwenyewe. Baada ya miezi miwili vipimo vilikuwa vimeshuka hadi sita, na mwili ukaanza kurudi. Hasira haikushuka upesi hivyo. Wiki nyingi ndugu hao walikula meza moja bila mazungumzo, kila mmoja na sufuria yake. Kisha jioni moja dada alisimama mlangoni mwa jiko, akaomba walau amkatie mboga.

Cheche akamsogezea kisu.

"Kata," alisema. "Lakini hapa motoni hukaribii."