Kiwiko cha Shemeji

Mimi ni fundi wa kufuli, na kufuli ikifunguka bila ufunguo najua kuna mtu ameingiza waya. Kwa hiyo mume wa mdogo wangu alipoanza kurusha mpira unaodunda kisha ukakata upande usiotarajiwa, sikupiga makofi. Nilitazama kiwiko chake.

Kwenye kriketi mrushaji huja na mkono ulionyooka. Ukikunja kiwiko halafu ukakinyoosha unapoachia mpira, hapo hujarusha, umetupa, na kutupa ni wizi tu. Wanaozungusha mpira ndio hushawishika zaidi, maana kiwiko kikisaidia kidogo, mpira hukata sana. Klabuni petu mzungushaji alikuwa marehemu baba, aliyetundikiwa picha ukutani kwa ubingwa wake, kisha nikafuata mimi, niliyefundishwa na yeye mwenyewe uani kwetu. Fainali ilikuwa Jumamosi, nafasi ya mzungushaji ni moja, na nahodha alishaanza kumwita shemeji Bingwa. Nikaona ninaporwa urithi huku nimekodoa macho.

Nikapeleleza. Nilisimama nyuma ya mwamuzi nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilimhoji mdakaji, nikamhoji mkata nyasi, hata mama mzazi sikumwacha. Shemeji mwenyewe nilipomuuliza amejifunza wapi, alicheka akasema nyumbani. Nyumbani gani? Yeye na mdogo wangu ni madobi. Chumba chao kina mabeseni, pasi na kamba za kuanikia. Halafu anavaa shati la mikono mirefu jua likiwa utosini. Lisemwalo lipo, nikajiambia, ingawa aliyekuwa akilisema ni mimi peke yangu.

Nikampelekea mwenyekiti wa klabu shauri. Akaamua kwamba Alhamisi jioni mwenzetu mmoja, muuguzi, amfunge shemeji kiwiko kwa vibao viwili na bendeji, kisikunjike hata akitaka. Arushe, tuone.

Shemeji alipandisha mkono wa shati bila kinyongo. Mdogo wangu alikuja akakaa pembeni, vidole vimekunjamana kwa maji. Mpira wa kwanza ukadunda, ukakata, ukang'oa kijiti kimoja kati ya vile vitatu vya shabaha. Wa pili vilevile. Nikaenda kuvuta bendeji kwa mkono wangu, nikaikuta imekaza barabara. Uliofuata ukang'oa viwili.

Mwenyekiti akasema haki ni msumeno, hukata mbele na nyuma, basi na mimi nifungwe. Nilitoa mkono kwa furaha. Nilitaka wakumbushwe mpira wa baba ulivyokuwa.

Nikarusha. Ukadunda ukaenda moja kwa moja, umepooza kama kiazi. Nikarusha tena, ukawa uleule. Nikalalamika kwamba bendeji inanibana damu, muuguzi akailegeza kidogo. Nilipojaribu tena, kiwiko kikapata pa kuchezea, na mpira ukakata vizuri ajabu. Watu wote wakageuka kukitazama kiwiko changu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Watu wote pale walijua mkono wangu ni wa baba, kidole kwa kidole.

Mdogo wangu akaja kunifungua vibao.

"Baba alikuwa anakunja, kaka," alisema taratibu. "Nilikuwa nawaona mkifanya mazoezi, mimi nakamua mashuka. Siku moja nikaujaribu ule mpira kwa mkono wa kukamulia. Mkono umenyooka, kazi yote inafanywa na kifundo cha mkono. Ukakubali."

"Wewe?"

"Mimi. Na ndimi niliyemfundisha mume wangu."

Nikamwambia angenieleza tangu mwanzo, nisingefika huku.

"Ningekueleza, ungeniuliza kwa nini sikurusha kama baba. Ningejibu nini? Mimi nilimsitiri miaka yote hiyo. Wewe umemwanika."

Nilitaka kumchukia shemeji, lakini alikuwa ameinama akiokota vijiti, hata hanitazami, nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Mlango wa klabu ulikuwa wazi. Ndani, mwenyekiti alikuwa amepanda kiti akiishusha picha ya baba ukutani. Mdogo wangu alifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuipokea.