Bibi Eyotaru Apanda Mnara

Bibi Eyotaru alipokuwa msichana, alibeba maji kutoka kwao Ayivu hadi Arua, kanisa lilipokuwa linajengwa. Mnara wake hakuwahi kuupanda. Mwaka 1988, waliporudi kutoka ukimbizini Zaire, mjukuu wake Mindra alimwombea ruhusa kwa padri. Wakapanda polepole, bibi akishika ukuta.

Juu kulikuwa na upepo mwanana. Mindra alimwonyesha soko, uwanja wa ndege, kisha mashamba ya muhogo.

“Kwetu iko wapi?” bibi aliuliza.

“Pale, bibi, penye moshi.”

Bibi alitazama, halafu akacheka. “Iko karibu hivi? Na mimi nilikuwa nalia njia nzima!”

Wakakaa huko juu, bibi akimtajia mjukuu wake majina ya vilima, hadi jua lilipopoa.