Tepe Ishirini na Tatu za Verlyn

Verlyn Haugstad alipenda kufundisha watu. Alikuwa amewinda kwa upinde katika vilima vya Wisconsin kwa miaka thelathini na moja, na kila aliyewahi kukaa naye mezani alilisikia somo lilelile: ukimpiga kulungu, usimkimbilie. Kaa juu ya dungu lako. Mwache alale, afe taratibu, ndipo umfuate. Wakwe zake walilijua somo hilo kama wanavyoijua sala ya chakula, na walitamani liwe fupi kama hiyo sala.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa juu ya mwaloni katika shamba la baba mkwe wake pale kulungu dume wa pembe nane alipopita hatua ishirini kutoka kwake. Akavuta upinde, akaachia. Mshale ukampenya na kutokea upande wa pili, nyuma kidogo ya pale alipolenga. Kulungu akaruka, akakunja mgongo, kisha akashuka kilima kwa mwendo mzito.

Mgongo ukikunjwa vile, mshale umepita kwenye ini. Na ini ni kungoja saa nne, zisipungue. Verlyn alilijua hilo kuliko tarehe ya ndoa yake. Akatazama saa, akakaa. Akatazama tena. Zilikuwa zimepita dakika sita. Akajiambia anashuka ngazi kuuangalia mshale tu.

Aliukuta umechomeka ardhini, una damu nzito, nyeusi. Akaung'oa na kuupangusa kwa mkono, kana kwamba ile ncha yake hakuinoa yeye mwenyewe jana yake mpaka ikawa inanyoa nywele. Ikamchana kidole gumba. Hakuhisi kitu, baridi na msisimko vilikuwa vimemtia ganzi.

Na kwa kuwa ameshashuka, akaona asogee kidogo. Kila alipoona damu alifunga utepe wa rangi ya chungwa kwenye tawi, asije akapotea. Baada ya utepe wa nne kitu kikakurupuka vichakani, vijiti vikavunjika. Akajiambia ni bata mzinga wa mwitu. Alipofika kwenye vile vichaka damu ikawa haionekani tena. Akazunguka akiwa ameinama, na punde akaona tone, halafu jingine, jekundu, la kung'aa. Roho ikamtulia. Damu ya kung'aa ni ya mapafu; kumbe alipiga vizuri kuliko alivyodhani. Matone yalikuwa yanapanda kilima, na kulungu mwenye jeraha hapandi kilima, lakini Verlyn akaamua kwamba huyu ni kulungu shupavu.

Alipofunga utepe wa ishirini na tatu aliinua kichwa, akaona ngazi. Kando ya ngazi palikuwa na mkoba, na kando ya mkoba palikuwa na chupa yake ya kahawa. Akatazama kidole gumba. Kilikuwa kinadondosha damu taratibu kwenye kiatu. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane alikuwa amejisaka mwenyewe kwa saa nzima, na kwa haki ya Mungu, alikuwa amejipata.

Akampigia simu Corliss, mdogo wa mkewe, dereva wa lori la maziwa, mwenye kijibwa cha kunusa damu.

"Umempiga?" Corliss aliuliza. Mafuta yalisikika yakichemka kikaangoni.

"Nimempiga. Ini. Saa moja na nusu."

"Na sasa ni saa tatu kasoro. Basi bado uko juu ya mti, shemeji."

Verlyn akapangusa kidole kwenye suruali.

"Mwalimu?"

"Nimeshuka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tepe ishirini na tatu."

Corliss alicheka mpaka mayai yakaungua. Kisha akamwambia akae chini, asiguse kitu, naye atakuja saa saba.

Zilikuwa saa nne ndefu. Hapo mwanzo alijicheka. Baadaye alimfikiria yule kulungu, pengine amelala mahali macho wazi, akiteseka kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kukaa, na hilo halikumchekesha hata kidogo.

Corliss akafika na Otto, kijibwa kirefu chenye miguu mifupi kama mbuzi ya kukunia nazi. Akazitazama tepe.

"Mbona zinapanda kilima?"

Verlyn akamwonyesha kidole. Corliss akakaa juu ya gogo.

Otto alinusa kwenye utepe wa tano, akafuata mstari wote bila wasiwasi, akarudi na kulamba kiatu cha Verlyn. Kisha akamtazama Corliss, bibi yake.

"Amempata," Corliss alisema. "Tumpasue hapahapa au tumkokote mpaka garini?"

Wakarudi kwenye utepe wa nne. Safari hii kijibwa kikateremka moja kwa moja kupita vichaka, kikasimama penye majani yaliyolaliwa. Damu ilikuwa imeganda hapo, nyeusi.

"Hapa alilala," Corliss alisema.

"Na hapa nikamwamsha. Nilimsikia. Nikajiambia ni bata mzinga."

Corliss hakucheka. "Hata mimi ningejiambia hivyo."

Mita mia tatu chini zaidi walimkuta kando ya kijito, pua yake karibu na maji. Verlyn akavua kofia. Akamgusa jicho kwa ncha ya upinde, halikupepesa. Corliss akajaribu kufungua mdomo wa kulungu.

"Taya zimekakamaa. Hakuishi sana baada ya kufika hapa."

"Unanifariji?"

"Nakwambia habari za taya. Ningetaka kukufariji ningekuletea plasta."

Siku ilikuwa ya baridi, nyama haikuharibika. Wakampasua palepale, na Otto akapewa kipande cha ini. Kisha wakafunga kamba kwenye pembe na kuanza kumkokota kupanda kilima, Corliss mbele, Verlyn akivuta kwa mkono mmoja.

"Dada yako asijue," alisema akihema.

"Nilimpigia kabla sijazima jiko."

Walipumzika mara nane kabla ya kulifikia gari, na mara zote nane aliyeomba ni Verlyn.