Yai la Kufundishia

Jumanne ya kwanza ya mwaka wa mradi, Bi Lishe alifika kituo cha afya na sanduku lake la vyakula, akalifungua juu ya meza na kuanza kupangusa vumbi. Kila chakula kilikuwa na kishimo chake ndani ya sponji nyeusi: yai, samaki, ndizi, kipande cha nyama, karoti, bilauri ya maziwa. Vyote vilikuwa vya plastiki na vyote vilibandikwa namba ya stoo ya chuo kikuu. Ndizi ilikuwa na alama za meno ya watoto wa miaka iliyopita, kwa hiyo Bi Lishe aliilaza ili upande wake mzima ndio uonekane.

Jina la Bi Lishe walimpa kina mama. Alikuwa afisa wa mradi wa kimataifa wa lishe, ulioendeshwa na chuo kikuu pamoja na chuo rafiki cha ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vituoni na sanduku hilo. Utaratibu ulikuwa kwanza somo, halafu mizani. Mama akiondoka kabla somo halijaisha, mtoto wake hapimwi.

Mama Kadogo, ambaye riziki yake ilikuwa kufulia watu nguo, alilijua somo hilo kwa moyo. Alikuwa amelisikia tangu Kadogo akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa Kadogo alikuwa anatembea, kwa shida, na mshale wa mizani ulikuwa umegoma kutoka kwenye rangi nyekundu. Muuguzi alishamwambia mama mtu bila kuzunguka: uzito ukishuka tena, mtoto analazwa, na wanaolazwa wakiwa hivyo si wote wanaorudi nyumbani.

"Yai linafanya nini mwilini?" Bi Lishe aliuliza, amelinyanyua juu.

"Linajenga mwili," kina mama waliitikia, mmoja akipiga miayo.

"Mama Kadogo, mtoto ale yai mara ngapi?"

"Kila siku ikiwezekana. Na haiwezekani. Tupimiwe basi, mwalimu wangu, nimeacha nguo za watu kwenye maji."

Bi Lishe hakukasirika, kwa sababu naye alikuwa amechoka. Mara ngapi aliomba walau trei moja ya mayai ya kweli kwa ajili ya somo! Profesa, mkuu wa mradi, alimjibu jibu lile lile kila mara: "Sisi hatugawi chakula. Tunajenga uelewa." Maneno hayo yalichapishwa hata kwenye fulana za mradi, na Bi Lishe alikuwa amevaa moja siku hiyo.

Mvua zilipoanza, samaki akaanza kunuka.

"Huyu samaki wako ananuka," mtunza stoo wa chuo alimwambia.

"Ni wa plastiki."

"Najua ni wa plastiki, si mimi niliyempokea? Ananuka. Paka wamehamia stoo kwangu, na mimi sikuajiriwa kufukuza paka."

Profesa alipopelekewa habari aliagiza dirisha la stoo liachwe wazi.

Kwenye somo lililofuata, Kadogo aliponyoka mikononi mwa mama yake, akalidaka yai pale mezani na kuliangusha. Lilipasuka. Ute ukatambaa juu ya sakafu ya saruji na kiini kikabaki katikati, cha manjano iliyokolea.

"Bichi hilo," alisema mama mmoja, akasogeza miguu.

Bi Lishe alipangusa sakafu na, kwa kuwa somo halikuwa limeisha, akaendelea na samaki. Mama Kadogo akamchukua yule samaki mkononi mwake, akambonyeza kwa kidole gumba, akamfunua mashavu na kumnusa.

"Wa leo huyu," alisema. "Hapa kituoni kuna jiko?"

Lilikuwepo la muuguzi, la kuchemshia vyombo. Samaki alipikwa, nyama ikapikwa, karoti ikapondwa, maziwa yakagawanywa kwa kijiko. Bi Lishe aliwatazama watoto wakilamba vidole, akafurahi mpaka akasahau kuuliza maswali ya mwisho wa somo. Jioni alirudisha stoo sanduku lenye miba na ganda la ndizi.

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimerudi kwenye kishimo chake, kizima, kibichi, na namba yake ya stoo. Mtunza stoo alikagua, akaona hakuna kilichopungua, akatia sahihi. Ilikuwa hivyo baada ya kila somo. Vitu vile vilikuwa vimetajwa mbele ya watoto wenye njaa miaka nenda, miaka rudi. Pengine vilichoka kusemwa tu.

Sasa kina mama waliwahi kufika kabla ya Bi Lishe mwenyewe, tena walikuja na sufuria. Mashavu ya watoto yalijaa. Siku mshale ulipotoka kwenye nyekundu, Mama Kadogo alimshusha mtoto kwenye mizani, akampandisha tena ili auone kwa mara ya pili, kisha akakaa kwenye benchi akacheka peke yake, machozi yakimtoka. Nguo za watu zilikuwa kwenye maji na hakuzikumbuka.

Profesa aliitisha kikao.

"Nani amekuruhusu kuwalisha?"

"Wamejilisha wenyewe, Profesa. Uzito umepanda kituo kizima."

"Hapo ndipo penye tatizo! Umepanda kwa sababu ya chakula. Sisi tunapima kama utapanda kwa sababu ya somo. Umetuvurugia utafiti wa mwaka mzima."

"Lakini watoto wamenona."

"Wamenona kwa njia isiyo sahihi," Profesa alisema, akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni njiani kutoka ng'ambo na vifaa vyake vya kufundishia vilikuwa vinaliwa. "Na mali ya chuo hailiwi."

Likatengenezwa kabati la vioo, kioo kizito kisichovunjika, likawekwa pale pale kituoni na vyakula vikapangwa ndani. Kufuli lilikuwa jipya. Ufunguo Profesa aliutia kwenye kishada chake, pamoja na wa gari na wa ofisi, akaondoka nao.

Masomo yakaendelea. Bi Lishe alifundisha akionyesha kwa rula. Harufu ya ndizi mbivu ilipenya kwenye upenyo wa mlango wa kabati na kujaza chumba, kina mama wakameza mate, watoto wakalamba kioo mpaka muuguzi akalazimika kukipangusa kila baada ya kipindi. Bi Lishe aliomba ufunguo, akaambiwa ombi lake litajadiliwa. Alijaribu kufuli kwa pini ya nywele. Alijaribu kioo kwa jiwe la uani, mbele ya kina mama wote, na jiwe ndilo lililopasuka.

Wageni wa chuo rafiki walipofika, mshale wa Kadogo ulikuwa umeshaanza kurudi nyuma. Walipiga picha kabati, wakasifu jinsi vyakula vilivyofanana na vya kweli. Nzi walikuwa wametanda juu ya kioo. Mama Kadogo alisimama.

"Baba, nakuomba ufungue hilo kabati."

"Mama yangu, hivyo ni vifaa," Profesa alimjibu kwa upole.

"Vifaa gani vinaoza? Si tunaviona?"

"Tuvumiliane kidogo, utafiti uishe. Kwani somo hukulielewa?"

"Mimi nimelielewa tangu mwaka juzi. Asiyelielewa ni huyu mtoto, yeye anataka kula."

Alitafsiriwa. Wageni walicheka kwa heshima, na mmoja wao akaomba ruhusa ya kuyatumia maneno hayo katika hotuba.

Chakula kisicholiwa huoza, na hicho nacho kikaoza. Ombi la Bi Lishe lilikubaliwa samaki alipoanza kutoa funza: ufunguo uliletwa ili vyote vikatupwe. Safari hii havikurudi kwenye vishimo vyao. Bi Lishe alikaa na sanduku tupu magotini, akatukana, tusi moja refu ambalo kina mama hawakudhani analijua. Muuguzi alijifanya hakusikia.

Mwaka ulifungwa kwa sherehe ndogo ukumbini chuoni. Kina mama waliulizwa maswali na Mama Kadogo akajibu yote, hata lile la vitamini ambalo lilimtatiza dereva wa mradi. Walimpigia makofi na kumpa fulana. Profesa alitangaza kwamba uelewa umepanda kuliko mwaka wowote, na kwamba uzito, baada ya kuyumba kidogo katikati, umerudi katika hali yake ya kawaida.

Jumanne ya kwanza ya mwaka mpya Bi Lishe alikuja na sanduku jipya, la kiwanda kingine, lenye dhamana kwamba vyakula vyake havitabadilika kamwe. Mtunza stoo alikuwa amevinusa kimoja kimoja na kuridhika. Kadogo hakutembea, mama yake alimbeba. Lakini alikuwa ameanza kusema, na Bi Lishe alipofungua sanduku, mtoto akaanza kuvitaja kwa kidole, kwa sauti ndogo, bila kukosea: samaki, ndizi, nyama, yai. Profesa, aliyekuja kuzindua sanduku, alifurahi sana.

Bi Lishe alimkabidhi lile yai. Kadogo alilishika kwa mikono miwili, akaling'ata kwa nguvu zake zote, akalitazama, akaling'ata tena. Plastiki ilikuwa imara. Haikubaki hata alama ya jino.

Somo likaisha, watoto wakapimwa. Muuguzi aliutazama mshale wa Kadogo, akaenda wodini kutandika kitanda. Mama Kadogo alimfuata akiwa na mtoto begani, amevaa fulana yake ya mradi.

"Mama, yai," Profesa alikumbusha.

Hakugeuka. Bi Lishe alitazama namba ya stoo mkononi mwa mtoto mpaka mlango ulipofungwa, kisha akapanga vilivyobaki kwenye vishimo vyao, kwa sababu kulikuwa na kituo kingine mchana.