Mpaka Ulaya

Pistoni nne mpya zilipangwa juu ya kanga, na Fundi Vitalis hakuthubutu kuzigusa kabla ya kunawa. Miaka kumi na mitano hapo Mikumi alikuwa ameponya injini kwa vipande vya debe na subira. Sasa, mwaka 1989, vipuri vilikuwa vimejaa madukani Morogoro, lakini woga wa uhaba haukumtoka. Kila mteja alionywa asikanyage mafuta sana, ndipo wakambandika jina la Fundi Polepole.

Pistoni hizo zilikuwa za Datsun ya marehemu Makarius, dereva wa mashindano ya magari. Binti yake, Mwalimu Scolastica wa Kilosa, alitoa sharti moja: ikishindwa kufika Kilosa, Jumatatu inauzwa chuma chakavu. Alisema hivyo huku akikifuta kioo cha gari kwa upindo wa gauni lake.

Jumamosi asubuhi wakaondoka, mwalimu akiwa kwenye usukani. Wiki tatu Vitalis alikuwa ameizoeza injini kwa mwendo wa bibi harusi, na muda wa kuizoeza ulikuwa umekwisha. Hata hivyo, mguu wa mwalimu ukisogea tu, alimsihi apunguze. Kwenye mlima wa kwanza injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

Machozi yakamlenga mwalimu. Kisha akauliza, "Fundi, hii injini uliitengeneza ikimbie, au uliitengeneza isife?"

Vitalis aliona haya. Injini ya mashindano haijui kunong'ona. Chini ya mizunguko elfu nne kwa dakika ni kikohozi tu. Alilijua hilo, na bado alikuwa ameibana pumzi yeye mwenyewe.

"Washa," alisema. "Ruksa, mwalimu. Kanyaga mpaka chini."

Mshale wa mizunguko ukapita elfu nne, tano, sita. Kwenye elfu saba injini ikaimba, na mwalimu akacheka kama mtoto aliyebebwa mabegani. Vitalis naye akajikuta anacheka, raha imemjaa hadi kooni.

Makarius alizoea kutamba kwamba gari lake humfikisha Ulaya bila pasipoti, maana kijiji cha Ulaya kiko njiani kuelekea Kilosa. Walipokikaribia, bibi mmoja alitoka shambani mbio, jembe mkononi, akasimama kando ya barabara na kuinua mkono. Alikuwa ameisikia sauti kabla ya kuliona gari.

"Bibi Elizabeti," mwalimu alisema. "Baba hakuwahi kumpita bila kumpigia honi mara mbili." Akaanza kuinua mguu.

"Usipunguze," alisema Fundi Polepole, akajinyoosha hadi kwenye usukani, akaipiga honi mwenyewe.